Lampi za redio na ampli: sura inasema nini, na inadanganya wapi

Mzee mmoja wa Katuba aliniletea lampi kumi na moja ndani ya mfuko wa unga. Alizimwaga mezani taratibu, akazigawa mwenyewe mafungu mawili kabla sijatia neno. Huku tano zinazong'aa, glasi safi, maandishi yanasomeka. Huku sita zenye masizi na vumbi, nyingine zimeshika rangi ya chai. "Papa fundi," akasema, "hizi ni nzima, zile utupe." Nikazishika moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Katika fungu la nzima kulikuwa na moja iliyokufa kitambo, wala haikuhitaji mita kuijua. Katika fungu la kutupwa sikuona hata moja ya kutupa kwa ajili ya sura yake tu.

Huku Lubumbashi tunasema lampi. Wasomaji wa Dar na Nairobi wamezoea kusikia vali. Ni kitu kimoja: ile chupa ya glasi yenye vyuma ndani iliyofanya kazi ya transista kabla transista haijazaliwa. Nyingi tunazotumia zimetolewa katika maposti, yaani redio, ya wazee, au zimeokotwa katika mizigo ya soko la Kenya (Kenya hapa ni komini, sehemu ya mji wetu, si nchi), au zimekuja na ndugu aliyerudi kutoka Ulaya. Ukitupa lampi nzima umepoteza kitu ambacho hutakipata kesho, na ukichomeka mbovu unaweza kuunguza transfo (transfoma) isiyo na mbadala. Ndiyo maana nataka tuelewane jicho linaweza kuamua nini na linapaswa kunyamaza wapi.

Hatari kwanza. Plake (lile bati la ndani) ya lampi ya nguvu, ile inayoendesha spika, inakaa kwenye volti 250, nyingine 450, na kapasita za chujio, zinazolainisha umeme, hushikilia umeme hata waya ukishachomolewa ukutani. Mimi huzimaliza kwa rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5 niliyoifunga kwenye waya wenye klipu, kisha napima. Kupiga cheche kwa bisibisi ni ushujaa wa kijinga. Tena posti nyingi zenye lampi ambazo jina lake linaanza na herufi U hazina transfo ya umeme, na shasi yake, bati linalobeba vyote, inaweza kuwa imeungana moja kwa moja na waya wa ukutani. Hizo usiziguse zikiwa zimechomekwa.

Na majina, ili tusipotezane mbele. Katikati kabisa ya lampi kuna filamenti, uzi unaopata moto. Umevikwa kathodi, kijibomba chembamba chenye upako mweupe unaotoa elektroni. Kukizunguka kuna gridi, nyaya nyembamba zilizoviringwa. Nje ya vyote kuna plake, yaani anodi, lile bati la kijivu au jeusi unaloliona kwanza.

Doa la fedha limegeuka jeupe

Karibu kila lampi ya glasi ina doa linalong'aa kama kioo, kichwani au ubavuni. Hiyo ni bariumu. Kiwandani, hewa ikishanyonywa, bariumu iliyo kwenye pete ndogo ndani ya lampi huchomwa mpaka inageuka mvuke na kujipaka kwenye glasi. Kazi yake ni kunasa gesi iliyobaki na ile itakayotoka kwenye vyuma miaka yote ya matumizi. Hewa ya kawaida ikipenya, bariumu inaliwa yote na doa linakuwa jeupe kama chokaa. Lampi hiyo imekwisha. Usiiwashe ati ujaribu bahati: filamenti itaungua ndani ya hewa.

Ukishaona weupe, tafuta mahali hewa ilipoingilia, maana sababu hiyo inaweza kuua na lampi utakayoweka baadaye. Kwenye lampi ndogo za pini saba au tisa, pini zimepita moja kwa moja ndani ya glasi, bila kitako. Pini ikilazimishwa, glasi inapasuka pale mzizini, ufa mwembamba usioonekana mpaka uugeuze kwenye mwanga. Mahali pa pili ni ile ncha ya kichwani ambapo glasi ilifungwa. Ikigongwa na kifuniko cha chuma inakatika.

Nimewahi kuua lampi ndogo ya ECC82 kwa mikono yangu mwenyewe. Pini moja ilikuwa imepinda, nikainyoosha kwa koleo. Nikasikia tik, sauti ndogo kama ukucha unagonga kikombe. Nikaigeuzageuza, sikuona ufa. Nikaiacha mezani, nikaenda kula bukari, ugali wetu. Niliporudi kingo za doa zilikuwa zimeshika ukungu. Kesho yake kichwa chote kilikuwa cheupe. Tangu hapo pini navisha kipande chembamba cha antena ya redio, nasukuma kidogo, napumzika, nasukuma tena.

Sasa upande wa pili wa habari hii. Doa dogo halimaanishi lampi imechoka. Kila kiwanda kilipaka kwa kiasi chake, na hata katika kiwanda kimoja doa la leo si doa la kesho. Kingo za kahawia au zenye rangi za upinde wa mvua zinaonyesha lampi imefanya kazi, basi. Doa lililokonda mpaka unaona vyuma vya ndani kupitia kwake ni dalili ya saa nyingi za kazi, lakini nimekuwa na lampi za namna hiyo zilizoimba vizuri kuliko mpya zilizotoka kwenye karatasi. Na zile lampi za Marekani zenye ganda la chuma hazina doa la kutazama. Hizo jicho halina kazi nazo.

Haiwaki

Soma herufi ya kwanza ya jina la lampi kabla hujalaumu. E ni filamenti ya volti 6.3, na katika redio yenye transfo kila lampi ya E inapata umeme wake peke yake. Ikizimika moja, nyingine zinaendelea. U ni za miliampea 100 na P ni za miliampea 300, zimefungwa mfululizo kama shanga: filamenti moja ikikatika, zote zinakuwa giza. Mteja aliyekuambia "lampi zote zimekufa siku moja" katika posti ya U ana lampi moja iliyokufa, au waya mmoja uliokatika. Pima kila filamenti kwa mita mpaka umpate mwenye kosa.

D ni hadithi nyingine. DK96, DF96, DL96 na ndugu zake zilitengenezwa kwa betri, filamenti yake volti 1.4 tu, na uzi wenyewe ni mwembamba mno. Mwanga wake karibu hauonekani hata gizani. Watu wamezitupa nyingi kwa kudhani zimekufa.

Kwa zilizobaki, haiwaki maana yake ni moja kati ya mawili: uzi umekatika, au umeme haufiki. Mita inakwambia upesi. EL84, pima kati ya pini 4 na 5. EL34, kati ya 2 na 7. ECC83 ina nusu mbili: kati ya 4 na 9 ni moja, kati ya 5 na 9 ni nyingine. Ukiona ECC83 inawaka upande mmoja tu, umeshajua. Usishtuke omu zikiwa chache, filamenti baridi ni hivyo. Kama uzi ni mzima, tatizo liko kwenye kiti cha lampi. Kwa vumbi jekundu la kiangazi chetu, tundu za kiti zinajaa, chuma cha ndani kinalegea. Kuchomeka na kuchomoa mara kadhaa, kila kitu kikiwa kimezimwa, kunarudisha nusu ya "wafu."

Halafu kuna wanaowaka kwa unyonge, wekundu wa kaa la moto linalozimika. Hapo lampi haina hatia. Filamenti ya volti 6.3 inataka iwe kati ya 5.7 na 6.9. Jioni, mtaa mzima ukiwasha majiko, umeme wa ukutani unashuka, na filamenti inashuka nao. Kathodi isiyopata joto lake kwa muda mrefu inadhoofika, kwa hiyo jambo hili si dogo. Angalia pia ile swichi ya volti nyuma ya posti. Nimekuta posti kadhaa zimewekwa 245 na mtu aliyeogopa umeme mkubwa, kisha mwenyewe analalamika redio inanong'ona.

Kinyume chake, lampi inayopiga mwanga mkali sekunde moja unapowasha kisha inatulia: baadhi ya ECC81 na ECC83 za Ulaya zilitengenezwa na kipande cha filamenti kilicho wazi nje ya kathodi, kinawahi kupata moto. Inatisha, na haina neno.

Kitu kimoja nirudie kwa sababu ndicho nasikia kila wiki: kuwaka si uzima. Filamenti ni jiko tu. Anayepika ni kathodi. Jiko linaweza kuwaka miaka na sufuria ikawa tupu.

Mwanga wa buluu

Huu unaogopesha watu bure. EL34, 6L6 na EL84 zikifanya kazi mara nyingi zinaonyesha buluu nyembamba, imejipaka upande wa ndani wa glasi au inachungulia kwenye matundu ya plake. Ni elektroni zilizopita plake na kugonga glasi. Inacheza pamoja na muziki. Chukua sumaku ya spika iliyokufa, isogeze karibu na glasi: buluu itahama kama kivuli. Lampi kama hiyo iache ifanye kazi yake.

Kinachopaswa kukuondoa kwenye kiti ni rangi ya zambarau au waridi iliyojaa katikati, ndani ya plake, kati yake na kathodi, kama moshi uliowashwa taa. Hiyo ni gesi. Lampi imepoteza utupu wake, gridi haishiki tena mkondo, na mara nyingi plake itafuata kwa kuwa nyekundu. Zima, itoe, usiirudishe. Pa kutazama ni mahali: kwenye glasi ni amani, katikati ya vyuma ni ugonjwa.

Isipokuwa zile zilizozaliwa na gesi. 0A2 na 0B2 ni vidhibiti vya volti, na ndani yake kuna gesi makusudi; zisipotoa mwanga ndipo kuna tatizo. Redresa (lampi zinazonyoosha umeme wa ukutani uende upande mmoja) za zebaki kama 866A nazo zinawaka buluu ya zambarau kwa maumbile yake. Hizo ukizikuta kwenye mitambo ya zamani ya kurusha matangazo, zishike kama yai. Zebaki ikimwagika chumbani hutoi kwa ufagio.

Plake imekuwa nyekundu

Hapa ndipo pesa inapotea, basi tukae kidogo.

Zima taa ya chumba utazame plake za lampi za nguvu. (Kwetu giza si tabu kupata, tabu ni kulipata umeme ukiwepo.) Unatafuta doa la wekundu mzito katikati ya bati, si mwanga wa njano wa filamenti unaotoka juu na chini. Likitokea, zima hapohapo. Sekunde kumi lampi inaweza kusamehe. Dakika tano hapana: bati likipata moto hivyo linatoa gesi iliyokuwa imejificha ndani yake, na bariumu italemewa.

Wekundu una maana moja, kwamba wati zinazoingia kwenye plake ni nyingi kuliko inavyoweza kutoa kama joto. EL84 inaruhusiwa wati 12, EL34 wati 25. EL84 yenye volti 250 na miliampea 48 tayari iko kwenye wati 12 kamili. Katika posti nyingi inaishi pale ukingoni tangu siku ya kwanza. Swali ni nani aliyefungulia mkondo. Na katika visa nilivyoona, mara chache alikuwa lampi mwenyewe.

Kapela (kanisa dogo) moja ya Ruashi walikuwa na ampli, yaani amplifaya, ya gitaa yenye EL34 mbili. Moja ilikuwa inakuwa nyekundu, upande wa kushoto. Vijana wa kwaya walichanga, wakabadilisha lampi ile. Nyekundu tena. Wakabadilisha zote mbili. Kushoto nyekundu tena. Waliponiletea walikuwa wameshapoteza lampi tatu na imani kidogo. Sikuweka lampi yoyote. Nilizitoa, nikawasha ampli viti vikiwa vitupu, nikapima pini 5, ambayo ni gridi. Kiti cha kulia: volti 34 hasi, kama inavyotakiwa. Kiti cha kushoto: volti 14 chanya. Gridi inayopaswa kuufunga mlango ilikuwa inausukuma wazi. Kapasita inayoleta sauti kutoka hatua ya kwanza ilikuwa inavujisha umeme wa plake ya jirani. Kitu kidogo kama punje ya haragwe, na bei yake haifiki hata glasi ya lampi moja.

Basi utaratibu wangu ni huu. Kama lampi ni mbili au nne na moja tu ndiyo nyekundu, zibadilishane viti, washa kwa muda mfupi, macho yasibanduke. Wekundu ukihama na lampi, lampi ni mbaya: ina gesi, au gridi yake imegusana na kitu. Wekundu ukibaki kwenye kiti, acha kununua lampi. Pima gridi bila lampi, pini 5 kwa EL34, pini 2 kwa EL84. Katika posti ambazo kathodi ina rezista yake, gridi tupu inapaswa kusoma sifuri. Ikisoma chanya, hata volti mbili au tatu, kapasita ya sauti inavuja, hasa zile za karatasi zilizofunikwa nta. Katika ampli zenye volti hasi ya kudumu, gridi inapaswa kusoma hasi. Ikisoma sifuri, rezista ya gridi au mguso wa pini umekatika.

Zote zikiwa nyekundu kwa pamoja, umeme hasi wote umepotea. Tazama diodi na kapasita ya upande ule. Na kama ni posti yenye rezista ya kathodi, pima ile kapasita iliyo sambamba nayo. Ikishika, yaani ikiungana ndani kwa ndani, kathodi inaunganishwa na ardhi na lampi inabaki bila breki.

Kuna wekundu mwingine unaochanganywa na huu. Ukichungulia ndani ya plake ukaona nyaya za gridi ya pili ndizo zinazowaka, plake yenyewe ni nyeusi, pima plake: utakuta haina volti. Waya wa transfo ya sauti umekatika, na elektroni zote zinakimbilia gridi ya pili, ambayo haikuumbwa kubeba mzigo huo. Zima haraka zaidi ya haraka.

Lampi iliyowahi kuwa nyekundu huacha kovu: sehemu ya plake imepauka au imetoa malengelenge, glasi iliyo mbele yake imeshika rangi. Kovu silo kifo. Ni sababu ya kuuliza imetoka kwenye mashine gani.

Redresa inapiga cheche

GZ34, EZ80, EZ81: unawasha, ndani unaona radi ndogo, fyuzi inakatika au haikatiki. Kisha watu wanaweka fyuzi kubwa zaidi. Naomba usiwe mmoja wao.

Sababu ya kwanza ni mafundi wenzangu. Kapasita ya chujio ikichoka, mtu anaweka ya mikrofaradi 220 kwa kuwa ndiyo aliyonayo, na kwa kuwa anadhani kubwa ni bora. GZ34 inakubali 60 mwisho, EZ80 na EZ81 zinakubali 50. Zaidi ya hapo, kila kuwasha ni pigo kwenye kathodi. Sababu ya pili ni umeme wetu wenyewe, unaokatika na kurudi baada ya sekunde kumi. Kwa kawaida redresa inapata joto polepole na kapasita zinajaa polepole. Umeme ukirudi kathodi ikiwa bado ya moto, na kapasita zimekwisha kumwaga, mkondo unaingia wote kwa mara moja. Ukikatika, zima swichi, ngoja dakika mbili tatu, kisha washa. Ndiyo ushauri wa bei rahisi kuliko yote katika ukurasa huu.

Redresa iliyopiga cheche mara nyingi utaiona: upako mweupe wa kathodi umebanduka vipande, chembe ziko chini ya glasi kama unga. Vipande hivyo vikisimama kati ya kathodi na plake vinaleta cheche nyingine. Lampi hiyo ni ya kustaafu. Lakini kama ni plake za redresa zilizo nyekundu, bila cheche, tafuta kapasita ya chujio iliyoshika.

Rangi ya chai, masizi, kitako kinachocheza

Glasi ya kahawia au kijivu mbele ya plake ni alama ya kazi. EL84 zinakuwa hivyo mapema kwa sababu zinaishi kwenye joto kali ndani ya sanduku dogo. Vumbi la nje lifute kwa kitambaa kikavu, ukikwepa maandishi. Yale ya zamani yanatoka hata kwa kidole chenye jasho, na spiriti inayaondoa yote. Yakishafutika, pumulia glasi kama unayesafisha miwani: mara nyingi jina linajitokeza kwenye mvuke kwa sekunde mbili. Lampi za ukoo wa Philips pia zina alama ndogo za kiwanda zilizoandikwa kwenye glasi karibu na pini, ambazo hazifutiki. B ni Blackburn, pembetatu ni Heerlen. Na kwa kuwa maposti mengi ya hapa yalikuja enzi za Wabelgiji, usishangae kukuta jina Adzam. Ni Mazda iliyosomwa kinyumenyume, na chini yake ni lampi ya kawaida kabisa.

Kitako cha lampi za pini nane kikicheza, gundi imekauka. Usiizungushe ukichomoa, nyaya za ndani zitagusana. Tone la gundi ya epoksi pembeni linatosha. Kibaya zaidi ni ule msumari wa plastiki wa katikati kukatika, kwa sababu lampi itaingia kwa upande wowote utakaopenda wewe, na upande sahihi ni mmoja tu. Kwenye EL34 geuza kitako utazame kati ya pini 2 na 3. Mstari mweusi kama njia ya sisimizi ni kaboni: umeme wa plake ulirukia filamenti. Tazama kiti nacho, mara nyingi kina mstari huohuo, na lampi mpya itaungua palepale. Sababu yake ya kawaida ni ampli kupigwa kwa nguvu bila bafle (spika).

Lampi inayolia kama kayamba ukiitikisa, itazame kilicholegea. Kipande cha glasi chini ya kitako hakina madhara. Chembe ya chuma ndani ya utupu inayo.

Jicho la kijani limefifia

Lampi pekee ambayo sura yake ndiyo kazi yake, kuonyesha kama stesheni imekaa sawa: EM34, EM80, EM84. Upako unaowaka kijani unachakaa kwa kila saa inayopita, hivyo jicho la posti iliyowashwa kila siku katika sebule ya mtumishi wa migodi kwa miaka ishirini litakuwa hafifu, mchana hulioni kabisa. Redio yenyewe inaweza kuwa nzima tele.

Ila usiliue kabla ya kupima. Jicho linataka volti za kutosha kwenye kioo chake; umeme wa ukutani ukishuka, nalo linasinzia. Kama mwanga upo lakini kivuli hakifungi wala kufunguka unapotafuta stesheni, chunguza ile rezista kubwa ya kilo-omu 470 au mega-omu 1 iliyo karibu nalo, wakati mwingine imefichwa ndani ya kiti chenyewe. Rezista hizi zinapanda thamani zikizeeka.

Jicho linapokoma

Nguvu ya kathodi haionekani. Kelele haionekani. Lampi inayopiga mluzi ukigusa meza haina alama yoyote usoni. Kwa hayo nina njia mbili za kimaskini. Ampli ya stereo: hamisha lampi kushoto kwenda kulia, usikie kama ugonjwa unahama. Lampi ya nguvu katika posti yenye rezista ya kathodi: pima volti kwenye rezista hiyo. EL84 yenye rezista ya omu 150 hivi na plake ya volti 250 naitarajia volti 7 au karibu. Ikitoa nusu yake, imechoka, hata kama inang'aa kama sahani ya harusi.

Za yule mzee tulizipima zote, yeye amekaa kwenye kiti cha plastiki, haondoki. Katika fungu lake chafu mlikuwa na EL84 mbili zinazofanana kama pacha, zote rangi ya chai. Moja ilinipa volti 6.9. Ya pili 3.4. Moja nyingine chafu ilikuwa na filamenti iliyokatika, tatu zilizobaki nzima. Katika fungu safi, mbali na ile yenye kichwa cheupe, kulikuwa na ECC83 iliyong'aa kuliko zote, maandishi ya njano kamili bila mkwaruzo. Niligonga kifuniko chake kwa penseli na spika ikalia kama kengele ya baiskeli. Nikamwonyesha mara tatu. "Lakini iko muzuri," akasema, akaiviringa katika kitambaa na kuitia mfukoni.

EL84 ya 6.9 ndiyo iko kwenye posti yake sasa. Nilitaka kuifuta masizi, nikaona herufi za jina zinaanza kutoka na kitambaa, nikaiacha hivyohivyo.